Embe Halitengui Udhu

Shangazi yangu aliacha sukari hadharani. Hakuiacha kimyakimya kama wanavyofanya wengine, ili wakiirudia pasiwe na wa kuwasema. Alitoka barazani asubuhi na mkebe wa sukari mkononi, akamwita jirani wa upande wa pili wa kichochoro, na mbele ya wanawake watatu waliokuwa wakinunua mahamri akamkabidhi mkebe ule kama anayekabidhi mali ya yatima. Akasema daktari ameamuru naye ameitika. Tangu siku hiyo chai yake ikawa ya rangi na tangawizi tupu, na kila akipiga funda alifumba macho, ili waliokuwepo waone anavyoteseka kwa ajili ya afya yake.

Hayo nilisimuliwa, sikuyaona. Nilichokiona mwenyewe, nilipofika Malindi wiki mbili baadaye na begi langu moja, ni jagi juu ya meza ya ukumbini. Lilijaa sharubati ya embe, nzito, ya manjano kama kiini cha yai la kienyeji, na lilifunikwa kitambaa chenye shanga pembeni ili nzi wasije wakalitangulia.

Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za kila mahali nilipopita. Nikamjibu zote huku jicho liko kwenye jagi.

"Shangazi, na hili?"

"Hilo embe."

"Si nimeambiwa umeacha sukari?"

"Nimeacha. Umeuona mkebe wa sukari humu ndani?"

Nikasema sijauona. Akanimiminia bilauri, akajimiminia yake, akanywa akiwa amefumbua macho yote mawili.

Kufika kwangu hakukuwa kwa bahati. Binti yake, anayefanya kazi Mombasa, alikuwa amenipigia simu. Mama alipewa kimashine cha kupimia sukari na daftari la kuandika kipimo cha kila asubuhi kabla hajala, na kila asubuhi daftari lilikuwa na habari mbaya kuliko jana yake. Daktari alisema wataonana mwisho wa mwezi, na kama namba zitabaki palepale vidonge havitatosha tena. Ataanza sindano za insulini. Binti hakuweza kuacha kazi, kwa hiyo ukoo ulitafuta mtu asiye na kazi, asiye na mke na asiye na anwani, na jina langu likatajwa kabla ya mengine. Aliniambia huna shughuli, kakae na mama uangalie anakula nini. Alikosea kidogo. Shughuli nilikuwa nayo, niliiacha siku ileile.

Na kuhusu sindano, ni lazima nieleze, maana bila hilo mtu atamwona shangazi mkaidi tu. Mama yake, yaani bibi yangu, aliwekwa kwenye sindano miaka yake ya mwisho, kisha akapofuka. Katika hesabu ya shangazi, sindano ilitangulia na giza likafuata, basi sindano ndiyo iliyoleta giza. Nilijaribu kumwambia kwamba sukari ilikuwa imeshayala macho ya bibi zamani, na sindano ilikuja kuchelewa. Akaniuliza mimi nilikuwa wapi miaka ile miwili yeye akimshika mama yake mkono kumpeleka msalani. Nilikuwa Mariakani, nikipakia katoni za maziwa kwenye malori, lakini sikuona faida ya kulisema. Yeye hushona kofia za vito, zenye vitundu vidogo vilivyotariziwa kwa uzi. Hutunga uzi mwenyewe, bila miwani, karibu na dirisha, na watu hutoka Mambrui kuja kumwagizia. "Mimi sindano ya kushonea naijua," aliniambia, "na ile nyingine nimeiona kazi yake." Hakucheka alipolisema hilo, na shangazi yangu hucheka karibu kila jambo.

Sasa niseme nilijuaje mambo ya sukari, maana mtu aliyeacha shule kidato cha pili ana haki ya kuulizwa. Niliacha wiki ambayo mwalimu wa kemia alikuwa ameahidi kutuonyesha jinsi sukari inavyochomwa mpaka ikabaki makaa. Sijutii mengi katika maisha yangu lakini hilo nilijutia, na miaka mingi baadaye, nikiwa nimepanga chumba Mtwapa, niliichoma mwenyewe kwenye sufuria. Mwalimu alikuwa mkweli. Inayeyuka, inakuwa rangi ya chai, inafuka, inatoa mvuke ambao ni maji yaliyokuwa yamejificha ndani yake, kisha inabaki kitu cheusi kinachopasuka kama mkaa. Mwenye nyumba alinipa notisi ya kuhama, lakini nilikuwa nimeshaona.

Halafu kulikuwa na karatasi ya bajia. Nilinunua bajia pale Mtwapa zikafungwa kwa ukurasa wa kitabu cha shule, na ukurasa ulikuwa unazungumzia sukari za aina tatu. Nilikula nikisoma. Sehemu ya chini ilikuwa imelowa mafuta isisomeke, nikarudi kesho yake nikiomba bajia zifungwe kwa ukurasa unaofuata. Muuzaji alinitazama sana, lakini akautafuta.

Kwa hiyo najua kwamba sukari ya tunda, inayoitwa fruktosi, na sukari ya damu, inayoitwa glukosi, zimejengwa kwa vitu vilevile na kwa idadi ileile: kaboni sita, hidrojeni kumi na mbili, oksijeni sita. Tofauti yake ni mpangilio. Ni kama nyumba mbili za mji wa kale zilizojengwa kwa mawe, boriti na chokaa ya tanuri moja, ila moja fundi aliiwekea mlango mbele na nyingine ubavuni. Sukari ya mkebe ni nyumba hizo mbili zilizoshikana ukuta. Ukiila, tumbo linavunja ukuta, na kila mmoja anakwenda zake. Glukosi inaingia kwenye damu na kuzunguka mwili mzima. Fruktosi, sehemu yake kubwa, inapelekwa kwenye ini, na ini peke yake ndilo linaloachiwa kazi, kama mwanamke mmoja aliyeachiwa jiko la harusi. Likizidiwa, linageuza kilichobaki kuwa mafuta na kukiweka akiba. Na ndani ya embe bivu wamo wote: glukosi, fruktosi, na hao wawili walioshikana ukuta. Tumbo haliulizi walitoka mkebeni au mtini.

Jambo la mwisho nilijifunza Kilifi, kwenye kiwanda kidogo cha kukausha maembe. Walikuwa na kidude kama darubini fupi. Unadondosha tone la maji ya tunda kwenye kioo chake, unakielekeza kwenye mwanga, unachungulia, na mstari unakuonyesha utamu umefika wapi. Kazi yangu ilikuwa kudondosha na kuchungulia. Nilipoacha kazi ile, kidude kilinifuata. Sisemi niliiba. Nasema nilifika Malindi nikakikuta ndani ya begi.

Basi siku ya pili yangu nikafanya hukumu hadharani, kwa kuwa shangazi alipenda mambo ya hadharani. Nikanunua soda, nikamwita jirani aliyerithi mkebe awe shahidi, nikadondosha tone la soda kwenye kioo. Mstari ukasimama. Nikakifuta kioo, nikadondosha tone la sharubati. Mstari ukapanda ukaipita soda. Jirani akachungulia, akasema ni kweli. Shangazi akachungulia kwa muda mrefu sana, akanirudishia.

"Kidude chako kina husuda," akasema.

Hoja yake ilikuwa kwamba soda imetengenezwa na watu na embe limeumbwa na Mungu, na Mungu hawezi kumwekea mja wake maradhi ndani ya embe ngowe. Nikamwambia Mungu ameumba embe, lakini sharubati ameitengeneza yeye, kwa kisu na chujio. Jagi moja ni maembe sita. Ukikaa kuyala sita, utatafuna, utachoka, nyuzinyuzi zake zitakujaza tumbo, na sukari itashuka polepole kama watu wanaotoka msikitini kwa mlango mmoja. Ukiyakamua ukachuja, umevunja ukuta wa msikiti. Akasema yeye anaweza kuyala sita bila kuchoka. Jirani akasema hilo pia ni kweli.

Vita vikaanza. Nilikuwa nikimwaga nusu ya jagi na kujaza maji, naye alikuwa akijua kwa kutazama rangi. Nikaweka jagi la ukwaju usiotiwa kitu. Akalinywa funda moja, akalipeleka kwa mbuzi wa jirani, na mbuzi akakataa. Nikayafungia maembe mabivu kabatini, na ufunguo nikaufunga kiunoni. Siku mbili baadaye nikahisi harufu tamu kutoka kwenye gunia la mchele, nikatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nikatoa embe boribo nne zilizolala humo zikiiva kwa raha zao. Nilipozipanga mezani, aliniuliza kwa nini naingiza mkono mchafu kwenye mchele wa watu.

Mwishowe akachoka, au alinihurumia. Alikubali kuacha kunywa sharubati, ila hakukubali kuacha kuitengeneza, maana alikuwa akiiuza hapo mlangoni, na barafu za vikombe kwa watoto wakitoka chuoni kusoma Kurani. Nikakubali. Wiki nzima ikapita. Alikula wali kidogo, samaki, mchicha. Jioni nilimtembeza mpaka ufukweni na kumrudisha, akisalimia kila mlango ili safari iwe ndefu. Nilikuwa na hakika hakuna kilichopita kinywani mwake nisichokijua.

Na daftari likapanda, ilhali mtu mwenye afya hapiti sita kabla ya kula. Kumi na sita. Kumi na nane. Kumi na tisa. Asubuhi moja kimashine kilishindwa hata kuandika namba, kikaandika herufi mbili tu za kusema kimepitwa.

Hapo tukaanza kutiliana shaka kama wezi wawili waliogawana vibaya. Mimi niliamini ana ghala jingine la maembe. Nilipekua chini ya kitanda, ndani ya mtungi, nyuma ya picha ya Makka. Nilipata kandambili moja niliyoipoteza mwaka wa nyuma. Yeye akaamini mimi nimeleta balaa na kidude changu, kwamba tangu utamu uanze kupimwa ndani ya nyumba umekasirika. Binti akapiga simu kila jioni, na jioni ya daftari kushindwa akasema kama mambo ni hayo, sindano ianze haraka. Shangazi alinirudishia simu bila kuaga. Siku hiyo alishona mpaka mwanga wa dirisha ulipokwisha. Nilimwona akitunga uzi mara moja, akauchomoa, akautunga tena, kama mtu anayejaribu kama bado anaweza.

Zilibaki siku nne kumwona daktari.

Ni lazima niungame kitu hapa. Mlinzi aliyeletwa kuangalia kipimo cha asubuhi hakuwahi kukiona hata kimoja. Shangazi huamka Alfajiri, husali, hufanya shughuli zake, hupima jua likichomoza, huandika. Mimi huamka chai ikinukia. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata nilijilazimisha. Niliamka nikipepesa macho, nikatoka, nikamkuta ameketi uani kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, beseni la maembe mbele yake, kisu mkononi, akimenya.

Hakushangaa. Alinisogezea kisu kingine. Nikamenya nikimtazama kinywa. Hakulamba hata kidole. Alikuwa akitupa maganda upande mmoja na nyama upande mwingine bila kuonja, na nikiri niliona aibu, maana mimi nililamba mara tatu. Jua likachungulia juu ya ukuta. Akapangusa mikono kwenye leso, akachukua kimashine, akaingiza kijikaratasi, akajidunga kidole, akatia tone.

Kumi na tisa na nusu.

Tukatazamana. Hakuwa amekula tangu jana jioni. Nilikuwa nimelala kwenye mlango wa jikoni. Alifunga daftari bila kuandika.

Sijui kwa nini nilikichukua kimashine. Mikono yangu haiwezi kuona kitu kina kitufe ikakiacha. Nikasema ngoja nijipime nami tuone. Akalalamika kwamba vijikaratasi ni ghali, lakini nilikuwa nimeshajidunga.

Ishirini na mbili.

Nimewahi kukimbizwa na ng'ombe Marafa na kulala ndani ya lori lililokosa breki, lakini sijawahi kuogopa kama pale uani. Ghafla nilikuwa na kiu. Macho yaliona ukungu. Nikakumbuka kwamba nimekuwa nikikojoa sana, kumbe nilikunywa madafu matatu jana. Shangazi aliinama akasoma namba, akasoma tena, na uso wake ukang'aa kwa furaha ambayo alijaribu kuificha bila kufaulu.

"Karibu," akasema. "Sasa tutakunywa chai kavu wawili."

Kisha akanionea huruma akaniuliza kama nimesali. Nikasema bado. Akasema mgonjwa wa namba kama hiyo hana anasa ya kusema bado, niende nikatie udhu. Nikaenda kwenye mfereji. Viganja mara tatu, kinywa, pua, uso, mikono mpaka kwenye viwiko, kichwa, masikio, miguu. Sijawahi kutia udhu kwa makini hivyo. Nikasali nikamwomba Mola anipe muda. Nilipomaliza, nilikitazama kimashine. Nikasema mara moja tu, ili nijue nakufa kwa kasi gani.

Tano nukta mbili.

Shangazi akasimama na maganda yakamwanguka kutoka mapajani. "Umeona faida ya swala?" akasema. Kwa dakika nzima aliamini amemwona mtu akiponywa mbele yake. Nami, nitasema ukweli, kwa nusu ya dakika niliamini pia. Nikamwambia kama ni hivyo na yeye akatie udhu tupime.

"Udhu ninao," akasema. "Nimetia Alfajiri na haujatenguka."

Kisha nikaiona mikono yake. Ilikuwa inametameta. Nikaitazama yangu iliyotoka kwenye maji, mikavu. Nikamuuliza taratibu: akitia udhu, kisha anasali, kisha anafanya nini? Anamenya maembe. Kisha? Kisha anapima. Na kati ya kumenya na kupima, ananawa? Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama huvaa nguo akienda sokoni.

"Ninawe nini tena? Nina udhu."

"Na maji ya embe, Shangazi?"

"Embe halitengui udhu. Kaulize chuo chochote."

Hakuna chuo ambacho kingenipa ushindi. Nilijua yanayotengua udhu, nilifundishwa na yeye mwenyewe kwa kiboko, na embe halimo. Nikamwomba kwa heshima zote, si kwa udhu bali kwa kunifurahisha mimi, anawe kwa sabuni. Alinawa akiguna. Tukapima kidole kilekile.

Nane na nusu.

Alichukua ganda la boribo, akakisugua nalo kidole, akapangusa kwenye leso kama kawaida yake, akajidunga. Kimashine kikaandika herufi zake mbili. Akanawa tena. Nane na nusu. Vijikaratasi vitatu ndani ya robo saa, na hakulalamika ughali wa hata kimoja.

Niliichora sakafuni kwa kidole. Tone la damu linaloombwa na kimashine ni dogo kuliko kichwa cha kibiriti, na lina sukari kidogo mno; embe lina nyingi mno. Utando wa utamu usioonekana kwa macho unatosha kulizidi tone lote. Kwa hiyo kila asubuhi alikuwa hapimi damu yake. Alikuwa anapima maembe, na kwa kweli yalikuwa maembe mazuri. Na wiki niliyomzuia kunywa, namba zilipanda kwa sababu msimu ulikuwa unakolea na boribo zilikuwa zinazidi kuiva.

Aliposhika maneno hayo, alicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Kisha akaenda jikoni akarudi na bilauri.

"Basi mimi ni mzima," akasema. "Mimina."

Nikamwambia nane na nusu si uzima. Na kimashine kile kinaona glukosi peke yake. Fruktosi inapita mbele yake kama mtu aliyevaa buibui, inakwenda kufanya shughuli zake kwenye ini bila kuulizwa jina. Embe lilimsingizia kwenye kidole, lakini halikumsingizia kwenye jagi. Akanitazama, akaitazama bilauri, akasema tangu nisome bajia zile nimekuwa mtu mzito kukaa naye.

Siku ya kliniki alivaa buibui jipya. Njiani alinipa amri: nisiseme neno. Nikadhani ni kwa sababu ya sharubati. Haikuwa hiyo. Kwenye chumba alikuwepo daktari, msichana mwenye miwani anayemwita kila mtu mama au baba, na nesi aliyemfundisha shangazi kupima. Mwezi uliopita nesi huyo alimwambia ahakikishe mikono imenawa vizuri, na shangazi, mbele ya benchi zima la wagonjwa, alimjibu kwamba yeye hunawa mara tano kwa siku kwa amri ya Mola wake, je, nesi hunawa mara ngapi na kwa amri ya nani. Benchi lilicheka. Nesi hakusahau. Alikuwa amesimama pembeni na trei yake, ametulia kabisa.

Daktari alifungua daftari. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine, akavua miwani akaivaa tena. Akasema kwa upole kwamba hali ni hii, na hakuna sababu ya kungoja zaidi. Akavuta fomu. Nikamtazama shangazi. Mwanamke ambaye hajawahi kukosa la kumwambia mtu alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili, anatazama kalamu inavyoshuka.

Nikafungua mdomo.

"Nyamaza," akaniambia. Kisha, bila kumtazama daktari, akamgeukia nesi. "Mwanangu, yale uliyoniambia mwezi uliopita. Niambie tena, na daktari asikie."

Nesi akasema yapi, ingawa alijua.

"Ya kunawa mikono."

Nesi akayarudia yote, sabuni, maji, kukausha, polepole kama anayeonja halua. Shangazi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sikunawa. Nilikuwa na udhu, lakini nilikuwa na embe." Akaeleza yote, beseni, leso, ganda la boribo, hata mimi na ishirini na mbili zangu, ambazo hazikuwa na lazima.

Daktari hakucheka, nesi ndiye aliyegeukia ukuta mabega yakimtikisika. Daktari aliiweka kalamu chini. Akasema kama angemwanzishia sindano kwa namba za daftari lile, na damu yake yenyewe ikiwa si hiyo, sukari ingeshuka mpaka angeanguka hapohapo jikoni kwake, penye visu. Shangazi akanishika mkono kwa nguvu chini ya meza, na hakuuachia upesi.

Wakamtoa damu ya mshipani kwa kipimo kingine. Daktari alieleza, nami nikasogeza kiti nisipoteze neno: sukari ikizidi kwenye damu hunata kwenye chembe nyekundu, na chembe hizo huishi karibu miezi mitatu, kwa hiyo zikitazamwa zinasimulia miezi yote hiyo, mtu amenawa au hajanawa. Tukangoja kwenye benchi. Shangazi aliwaambia wote waliokuwepo wanawe mikono.

Majibu yalikuja kabla ya Adhuhuri. Si mabaya kama daftari, akasema daktari, wala si mazuri kama mama angependa. Sindano haianzi. Vidonge vinaendelea. Kisha akaegemea mbele.

"Mama, unakunywa nini?"

Shangazi akanigeukia kwa jicho la mtu aliyesalitiwa. Nikaapa kwamba sijasema neno. Daktari akasema si mimi, ni damu ndiyo iliyosema.

Wakapatana kama watu wa sokoni. Daktari alianza na hakuna sharubati kabisa; shangazi akaanza na jagi moja. Mwisho ikawa kipande cha embe, si kila siku, cha kutafuna, baada ya chakula, na sharubati ya kuuza tu. Aliporudi nyumbani aliliosha jagi, akalipeleka barazani, akamwita jirani. Mara hii walikuwepo wanawake watano.

Nilikaa wiki moja zaidi, kisha miguu ikaanza kuniwasha, nikaondoka kwenda Marafa kwa mtu aliyesema ana kazi ya kuchimba visima. Kila asubuhi shangazi hunipigia simu kunisomea namba. Kabla ya kupima hunawa kwa sabuni, kila kidole mara tatu, kwa mpangilio, kuanzia kulia. Anauita udhu wa mashine, na amemfundisha jirani na nusu ya mtaa, wagonjwa na wasio wagonjwa. Namba zinashuka kidogokidogo. Juzi alinisomea saba, kisha akaniuliza, kwa kuwa Ramadhani inakaribia, nini msimamo wa bajia zangu kuhusu tende. Nikasema tende ni sukari. Akasema tende ni sunna. Nikasema nitasoma kwanza.

Kile kidude cha kupimia utamu sijakiona tangu siku niliyofunga begi. Jirani anasema shangazi siku hizi hukaa mlangoni na wachuuzi wa maembe, anadondosha tone, anachungulia, na anakataa boribo zisizofika mstari anaoutaka kwa ajili ya sharubati ya wateja. Nikimuuliza, ananiambia hajui kilivyobaki kwake. Huenda kilimfuata.